Misitu ya Kaya na Watunzaji Wake



Mgeni apitaye Rabai, Ribe au Kinondo huona msitu mnene uliosimama peke yake kati ya mashamba na nyumba, akadhani ni pori lisilo na mwenyewe. Sivyo. Msitu ule ni kaya, na ndani yake palikuwa na mji.

Kwa masimulizi ya wazee, Wamijikenda walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakajenga kaya zao misituni ili adui asiwafikie kwa urahisi. Kila kaya ilikuwa na njia zake, milango yake, na fingo lililozikwa ardhini liwe kinga ya watu. Hata watu walipohama wakaenda kulima nje, kaya zilibaki kuwa mahali pa maombi na pa makaburi. Kukata mti au kuacha njia iliyowekwa kulikatazwa, na aliyevunja mwiko alitozwa faini na wazee. Ndiyo sababu misitu hiyo imesalia, hali mingine mingi ya pwani imekwisha kufyekwa.

Wakoloni nao walizijua nguvu za mahali hapo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo, wakaapa kutowatii Waingereza. Mwaka 1914 serikali ikailipua kaya hiyo kwa baruti, ikikusudia kuuvunja umoja wa watu kwa kuharibu mahali walipokutania.

Katika mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziandika baadhi yake katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini mwaka 2009 shirika hilo hilo liliziandika mila za kaya katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Yafaa tuyatazame mambo haya mawili pamoja: msitu umepata hati, na watunzaji wake wanapungua.

Tena, jambo la kuhuzunisha sana, katika sehemu za Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi chanzo chake ni ugomvi wa ardhi. Amwuaye mzee wa kaya ameufungulia msitu shoka, kwa kuwa sheria ya serikali yaweza kumshtaki mkata miti, lakini haiwezi kumfundisha kijana ni kwa nini mti ule haukatwi.

Basi, wanachama wenzetu, tuwalinde wazee kabla ya kuweka ua na vibao. Nanyi wazee wetu, twawaomba kila mmoja amchukue kijana wa nyumba yake, amwonyeshe njia na mipaka ya kaya, na kumweleza yale yanayoruhusiwa kuelezwa. Kazi hii haina gharama kwa chama, wala haiwezi kungoja mwaka mwingine.