Matofali mepesi: namna watu walivyojenga kwa majivu ya volkano

Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka. Lava ikapita katikati ya mji wa Goma hadi ziwa Kivu, na familia nyingi zikabaki bila nyumba. Ilipopoa, wakaaji walirudi. Wengi walijenga nyumba za mbao juu yake. Wengine walishika nyundo, wakapasua lava kwa ajili ya misingi na nyuzio.

Jiwe hilo ni zito. Lakini volkano hutoa pia changarawe yenye matundu, ambayo ni nyepesi kwa sababu ina hewa ndani. Kuna inchi zilizojifunza zamani kuitumia.

Huko Ujerumani, karibu na mji wa Neuwied, volkano ya Laacher See ililipuka miaka kama 13.000 iliyopita, ikafunika bonde kwa jiwe jepesi linaloelea juu ya maji. Mwaka wa 1845, Ferdinand Nebel alichanganya changarawe ile na chokaa, akaitia katika kalibu na kuiacha ikauke hewani. Tofali lake halikuhitaji tanuru wala kuni. Kazi hiyo ikalisha familia nyingi za pale, na baada ya Vita ya Pili ya Dunia matofali hayo yalisaidia kujenga upya miji iliyobomolewa.

Inchi ya Sweden haikuwa na changarawe hiyo. Mwaka wa 1924, Axel Eriksson alipata hati ya uvumbuzi wa tofali lenye hewa: unga wa aluminiamu unafanya mchanganyiko uumuke kama mkate, kisha unaivishwa kwa mvuke. Lakini matofali mengine ya kule yalitengenezwa kwa jiwe lenye urani, yakawa yanatoa gesi ya radoni ndani ya nyumba. Yaliachwa mwaka wa 1975. Kwa hiyo wepesi peke yake hautoshi. Lazima kujua tofali limetoka katika jiwe gani.

Kwa Goma, jambo hili si la mbali. Mwezi wa Mei 2021, baada ya volkano kupasuka tena, ardhi ilitetemeka siku nyingi na kuta zikapasuka. Ardhi inapotikisika, ukuta mzito unasukumwa kwa nguvu zaidi kuliko mwepesi. Hata hivyo, ukuta mwepesi nao unahitaji simenti ya kutosha, na mkanda wa zege wenye vyuma juu yake. Anayejenga upya aulize mambo hayo mbele ya kulipa fundi.