Jalada la Santuri ya Dansi na Jina la Mtunzi

Santuri tulizozitazama kwa ajili ya makala hii zimo katika sanduku la mbao, katika nyumba moja ya Kiyovu, mtaa wa mlimani jijini Kigali. Mwenye nyumba, mwalimu mwenzetu, alizirithi kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akiishi upande wa chini wa mtaa huo, ule wa maskini, ambao nyumba zake zilibomolewa mwaka 2008. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizofyatuliwa Nairobi katika miaka ya 1970. Tulipozitandaza mezani tuliona mara moja kwamba hazina picha. Jalada ni bahasha ya karatasi yenye tundu katikati, na kupitia tundu hilo mnunuzi alisoma lebo: kampuni, wimbo, bendi na, ndani ya mabano, mtunzi.

Yafaa tueleze asili ya hali hiyo. Neno albamu lilihusu kwanza vitabu vya kadibodi vilivyohifadhi santuri nzito kadhaa pamoja, mfano wa albamu za picha. Majalada yake kwa kawaida hayakuwa na mapambo hadi mwaka 1940, Alex Steinweiss wa kampuni ya Columbia, Marekani, alipoanza kuyachorea. Ubunifu huo ulimlenga mteja apitaye dukani akitazama. Mteja wetu aliingia dukani akiwa ameshausikia wimbo redioni au dansini. Alichohitaji ni kuutambua tu.

Hapana shaka kazi ya kutangaza ilifanywa na mtindo. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 na baadaye kuitwa Juwata, ilijulikana kwa Msondo. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, kwa Sikinde. Maquis kwa Kamanyola. Neno moja tu, lakini mtangazaji alilitamka na wachezaji wakaligombea kama washabiki wa kandanda. Hata umbo la santuri lilitii dansi: wimbo mrefu ulikatwa katikati, mashairi yakakaa upande wa kwanza na chemko upande wa pili. Asiye na subira alijua pa kuiweka sindano.

Picha zilipata nafasi katika santuri kubwa. Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Kibiashara, neno hilo lilichaguliwa kwa ujuzi mkubwa. Linamfariji mfiwa, na namba inayolifuata inamwonyesha pengo lililobaki katika rafu yake. Hatuoni ubaya, kwa kuwa jina la marehemu lilitukuzwa.

Wasiwasi wetu uko kwingine. Mwaka 1982 kampuni ya Virgin ya London ilitoa Agwaya ya Orchestra Makassy, ikilitaja jina la bendi. Lakini mwaka 1987 kampuni ya Original Music, Marekani, ilitoa mkusanyiko ulioitwa The Tanzania Sound, na mwaka 1990 Earthworks ya Uingereza ikatoa Guitar Paradise of East Africa. Mikusanyiko hii tunaipenda, nayo imeokoa mengi. Hata hivyo, tazama kinachouzwa kwa jina la mbele: nchi, kisha eneo zima lililogeuzwa pepo ya magitaa. Mgeni asiyeelewa maneno huuziwa mahali, na mtunzi wa maneno hayo husogea nyuma.

Na jina la mtunzi si pambo. Fadhili William aliirekodi Malaika, lakini mpaka leo wapo wanaosema wimbo ni wa Adam Salim. Katika ubishi wa namna hiyo, mabano ya lebo ni miongoni mwa vielelezo vichache vilivyoandikwa. Hapa Rwanda uzito wake ni mkubwa zaidi. Sebanani André, mwimbaji wa Orchestre Impala, aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Waliouawa hawawezi kuulizwa nani alitunga nini.

Katika sanduku la Kiyovu baadhi ya bahasha zimeoza, na santuri zimevikwa magazeti. Bahasha moja iliyo nzima ina maandishi ya kalamu ya wino pembeni: jina la baba wa mwenyeji wetu, tarehe ya kununua, na onyo kwamba atakayeiazima airudishe.