Usinunue projekta mpya kabla ya kuangalia kompyuta yako

Idi mosi tulipokusanyika nyumbani, watoto waliomba waonyeshwe harusi ya dada yangu mkubwa, iliyorikodiwa kwa kanda ya VHS na baadaye kuhamishiwa kwenye DVD. Marehemu mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, yumo humo akigawa halua. Video nyengine yake hatuna. Lakini tulipoiwasha kwa kompyuta na projekta, uso wake ulikuwa mweupe kama uliofunikwa na ukungu, na kila alipogeuka, pindo la leso yake lilitoa meno kama ya kitana.

Shemeji akakata shauri pale pale: "Projekta imekufa, tununue nyengine." Nikamwomba anipe usiku mmoja. Haya ndiyo niliyoyafanya, nawe unaweza kuyafanya bila kutoa hata shilingi.

Kwanza, mwanga. Projekta haiwezi kurusha giza. Weusi unaouona ni ule wa ukuta wenyewe. Zima taa na ushushe mapazia. Ukuta uwe mweupe usiong'aa. Usiwe na tamaa ya ukubwa pia: ukiongeza upana wa picha mara mbili, mwanga ule ule unasambaa eneo mara nne, na picha inafifia.

Pili, pikseli. Tafuta kwenye kitabu cha projekta idadi yake ya asili, kisha uiweke kompyuta kwenye idadi hiyo hiyo. Tahadhari: projekta nyingi za bei rahisi huandikwa kwamba zinakubali 1920 kwa 1080, hali kioo chake cha ndani kina pikseli chache zaidi. Na badala ya kunyoosha picha iliyopinda kwa kitufe, nyoosha meza. Kitufe hicho huibana picha ndani ya pikseli pungufu, na maandishi yakaparara.

Tatu, weusi na weupe. Hapa ndipo ukungu wetu ulipotoka. Video nyingi huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe kuishia 235, na kompyuta huhesabu 0 hadi 255. Kompyuta ikituma kipimo kifupi na projekta ikangojea kirefu, weusi hugeuka kijivu. Ikiwa kinyume chake, vivuli vyote huzama gizani. Ingia kwenye mipangilio ya kadi ya picha na ya projekta, uhakikishe zote mbili zinatumia kipimo kimoja.

Nne, yale meno ya kitana. Video za zamani za mfumo wa PAL, uliotumika kwetu, huchorwa kwa nusu-picha 50 kila sekunde: mistari ya witiri, kisha ya shufwa. Kompyuta ikizionyesha mbili pamoja, kitu kinachotembea huchanika. Ukitumia programu ya VLC, bonyeza herufi D, kisha kwenye orodha ya video uchague njia ya Yadif 2x.

Tano, mwendo. Iweke skrini kwenye hezi 50 kwa video kama hizo, projekta yako ikikubali. Filamu za sinema huwa na picha 24 kwa sekunde. Kwenye hezi 60, picha moja huonyeshwa mara mbili na inayofuata mara tatu, ndiyo maana kamera inapogeuka unaona kama inakwama. Kwa hizo, hezi 24 ndizo bora.

Mwisho, punguza ule ukali wa picha unaowekwa kiwandani. Hauongezi kitu, huchora tu mstari mweupe kandokando ya nyuso.

Kisichokuwemo kwenye kanda, hakuna mpangilio utakaokirudisha. Zipo programu siku hizi zinazodai kuzing'arisha sura za zamani, lakini hubuni zile nukta zisizokuwepo, na mimi sitaki mama wa kubuniwa. Ukizijaribu, jaribu kwenye nakala. DVD ya asili itolee nakala mbili leo, uziweke nyumba tofauti, maana unyevu wa pwani yetu huotesha kuvu kwenye kanda.

Idi pili tuliiwasha tena kwa projekta ile ile. Picha bado ilikuwa ya VHS, haina ukali wa simu za leo. Lakini mdogo wa watoto, ambaye hakumdiriki bibi yake, alisimama akauliza: "Mbona huyu anafanana na mama?" Shemeji hakuitaja tena projekta mpya.