Faili la Machakos

Msomaji, ukitaka kujua watu wa nchi hii walikuwa wakiwaza nini karibu miaka mia moja iliyopita, utaanzia wapi? Labda utakwenda maktaba utafute kitabu kinene chenye jalada gumu. Hutakuwa umekosa, lakini kitabu kinene huandikwa baada ya mambo kwisha, na mara nyingi huandikwa na mtu aliyeyatazama mambo yale kwa mbali. Mawazo ya siku yenyewe, yangali moto, hukaa mahali pengine. Hukaa katika karatasi nyepesi zilizopigwa chapa kwa haraka, zikauzwa kwa senti, zikapita mikono mingi mpaka zikachakaa, kisha zikafungia sukari dukani au zikawashia moto jikoni. Nataka kukueleza habari za karatasi za namna hiyo, na nitaanza na faili moja la Machakos.

Huko Nairobi, katika barabara ya Moi, limesimama jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, idara iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1965. Humo zimewekwa karatasi za wilaya zote za wakati wa ukoloni, na kati yake zimo za Mkuu wa Wilaya ya Machakos. Ungetazamia kukuta humo habari za kodi, za ng'ombe, za mipaka ya mashamba ya Wakamba. Nazo zimo kwa wingi. Lakini faili moja, lenye alama DC/MKS 10B/13/1, lina kitu usichokitazamia. Ndani yake mna gazeti la Wakikuyu, limefasiriwa kwa Kiingereza na kupigwa taipu, toleo baada ya toleo. Wanahistoria walioandika juu ya gazeti hilo wamelitegemea sana faili hilo la Machakos, na ukisoma tanbihi za vitabu vyao utaiona alama ile ikirudi tena na tena.

Gazeti lenyewe liliitwa Muigwithania, maana yake mpatanishi, yule awafanyaye watu wasikilizane. Lilianza mwezi Mei mwaka 1928, nalo lilikuwa gazeti la kila mwezi la chama cha Kikuyu Central Association. Mhariri wake wa kwanza alikuwa kijana mmoja aliyejulikana siku zile kwa jina la Johnstone Kenyatta, yule yule ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Usidhani kuwa lilikuwa gazeti kubwa lenye waandishi wa mshahara. Lilikuwa na kurasa chache tu, na sehemu yake kubwa iliandikwa na wasomaji wenyewe. Walileta barua, methali, mafumbo, maonyo kwa vijana, malalamiko juu ya ardhi, salamu za watu waliokuwa wakifanya kazi mbali na kwao. Msomaji wa mwezi huu alikuwa mwandishi wa mwezi ujao. Kenyatta alilihariri kwa muda usiotimia hata mwaka mmoja, maana mwezi Februari mwaka 1929 alipanda meli kwenda Uingereza kupeleka malalamiko ya chama chake. Gazeti likabaki katika mikono mingine.

Utauliza: ni nani aliyelisoma, hali wakati ule waliojua kusoma walikuwa wachache? Swali hilo ni zuri, nalo ndilo kiini cha jambo. Sisi tuliokwenda shule tumezoea kufikiri kuwa kusoma ni kazi ya mtu mmoja aliyenyamaza kimya na karatasi yake. Si hivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja aliyejua herufi aliketi, na wengine wakamzunguka; akasoma kwa sauti, akasimamishwa, akaulizwa, akarudia. Kabla hajamaliza ukurasa, maneno yalikuwa yamekwisha kujadiliwa. Watu wa pwani hawakuwa wageni wa desturi hii, kwa kuwa tenzi zao tangu zamani ziliandikwa karatasini ili zisomwe mbele ya watu, kwa sauti na kwa mahadhi. Basi nakala moja ya gazeti haikuwa na msomaji mmoja. Ilikuwa na baraza nzima. Kwa hiyo hesabu ya nakala zilizouzwa haiwezi kutuambia kitu cha maana juu ya nguvu ya gazeti la aina hii, wala mimi siiamini sana inapotolewa kama kipimo.

Serikali ya kikoloni iliujua ukweli huo mapema kuliko sisi. Kwa sababu hiyo iliwatafuta wafasiri, ikawapa magazeti ya Waafrika wayageuze kwa Kiingereza, na tafsiri zile zikapelekwa kwa wakuu wa wilaya wazisome. Nakala iliyoingia mezani pa Mkuu wa Wilaya ya Machakos ikawekwa katika faili, faili likafungwa utepe, likatiwa kabatini. Gazeti lile, wenyewe walilolipenda walilisoma mpaka likararuka. Yule aliyeliogopa hakulirarua. Alilipa namba, akaliweka pakavu. Hivyo ndivyo lilivyofika kwetu.

Sitaki udhani kwamba Machakos palikuwa mahali pa kuhifadhia sauti za wengine tu. Mji ule ulikuwa na kituo cha Waingereza tangu mwaka 1889, miaka kumi kabla reli haijafika palipokuja kuwa Nairobi. Lakini reli ilipita katika mbuga za Athi, ikauacha Machakos kando, na mwaka 1899 makao makuu ya jimbo yakahamia Nairobi. Mitambo ya kupigia chapa nayo ikafuata reli. Kwa hiyo Mkamba aliyetaka kulisemesha taifa kwa karatasi ilimpasa kwenda Nairobi, mwendo wa kilomita sitini na zaidi.

Mwaka 1938 Wakamba waliufanya mwendo huo kwa miguu. Serikali ilikuwa imeamua kuwapunguzia mifugo kwa nguvu, ikisema kwamba ng'ombe wamezidi na udongo unachukuliwa na mvua. Na wakati huo huo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei ndogo. Wakamba waliunganisha mambo hayo mawili, na sioni kwamba walikosea. Mwishoni mwa mwezi Julai watu wengi sana, wanaume kwa wanawake na watoto, waliteremka Nairobi wakataka kuonana na Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Muindi Mbingu, wa chama cha Ukamba Members Association.

Watu wengi huyakumbuka maandamano hayo, lakini huzisahau karatasi zake. Chama kile kiliandika maombi na barua, kikapeleka simu ya maandishi mpaka London kwa Waziri wa Makoloni, na mambo ya ng'ombe wa Machakos yakaulizwa katika Bunge la Uingereza. Mwanasiasa wa Kihindi aliyekaa Nairobi, Isher Dass, aliwasaidia katika kazi hiyo. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu; hata hivyo kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1940, vita vilipokuwa vimekwisha kuanza, chama cha Wakamba kilipigwa marufuku pamoja na kile cha Wakikuyu na kile cha Wataita.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, karatasi ndogo zilichipuka kama majani baada ya mvua. Henry Muoria alianzisha Mumenyereri mwaka huo huo kwa Kikikuyu. Wajaluo walikuwa na Ramogi. Wakamba nao wakapata Wasya wa Mukamba, yaani Sauti ya Mkamba, gazeti la Paul Ngei, kijana wa Machakos aliyesoma Makerere. Mengi ya magazeti ya aina hii yalipigwa chapa katika mitambo ya Wahindi wa Nairobi, na hapa haifai kumsahau Girdhari Lal Vidyarthi, mwenye gazeti la Colonial Times, ambaye mwenyewe alifungwa jela kwa kosa la uchochezi katika miaka ya 1940. Mtu mwenye mtambo alihatarisha mengi: mwandishi aliweza kukimbia na kalamu yake mfukoni, lakini mtambo wa chuma haukimbii.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari. Walikamatwa watu wengi, na sita kati yao wakapelekwa Kapenguria kuhukumiwa. Majina yao umeyasoma katika vitabu vya shule. Lakini hebu yatazame tena kwa jicho jingine. Kenyatta alikuwa amehariri Muigwithania. Ngei alikuwa na Wasya wa Mukamba. Achieng' Oneko alikuwa mhariri wa Ramogi, na Bildad Kaggia alitoa gazeti la Inooro. Katika watu sita, wanne kwa uchache walikuwa watu wa magazeti madogo. Sijaona kitabu cha shule kinachoisisitiza habari hiyo, nami naistaajabia kasoro hiyo, kwani ingemwonyesha mwanafunzi mara moja kile serikali ilichokuwa ikikiogopa.

Magazeti ya lugha za wenyeji yakanyamazishwa. Muoria alikuwa Uingereza wakati huo, akabaki huko. Na katika nyumba nyingi ikawa kuonekana na karatasi ni hatari. Zilizokuwako zikachomwa, zikafukiwa. Mmoja aliyeshindana na maangamizi hayo alikuwa Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mpiga chapa aliyekuwa ametoa vijitabu vidogo kwa Kikikuyu. Aliwekwa kizuizini miaka mingi, na humo kizuizini akaandika habari za kila siku kwa siri, akazificha. Kitabu kilichotokana na maandishi hayo kilitoka mwaka 1983, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Noma, tuzo kubwa ya vitabu vya Afrika. Huyu ni mtu mmoja aliyekuwa mwandishi, mpiga chapa, na mtunza nyaraka wake mwenyewe.

Labda unafikiri kwamba uhuru ulipofika mwaka 1963 karatasi ndogo zilipumua. Sheria ya vitabu na magazeti ya mwaka 1960 iliendelea kutumika. Iliagiza kuwa mwenye kutoa gazeti aandikishwe, na awe na dhamana ya shilingi 10,000. Na mwaka 2002 kiasi hicho kilipandishwa kikawa shilingi 1,000,000. Kampuni tajiri yaweza kukipata. Vijana watano wa mji mdogo, wenye mashine ya kunakili ya kuazima, watakipata wapi? Mwaka 1982 karatasi ya siri iliyoitwa Pambana ilipita mikono ya watu, na mwaka huo huo mwanahistoria Maina wa Kinyatti alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kukutwa na karatasi iliyosemwa kuwa ya uchochezi. Naye alikuwa mtu ambaye kazi yake ni kukusanya karatasi.

Katika nchi nyingine karatasi za namna hii zimepata jina na makao. Huko Chicago mwezi Mei mwaka 1930 vijana waliopenda hadithi za sayansi walitoa kijarida chao wenyewe, The Comet, kwa ajili ya kusomana wao kwa wao. Na vijarida vya jinsi hiyo, vinavyotungwa, kukunjwa na kupigwa pini na mwandishi mwenyewe, leo huitwa zini. Mwaka 2003 maktaba ya chuo cha Barnard, mjini New York, ilianza kuvikusanya kwa makusudi. Utaratibu wao nimeupenda: wakipata nakala mbili, moja huifungia katika hifadhi isiguswe ovyo, na ya pili huiweka rafuni ili mtu yeyote aichukue asome. Waandishi wa vijarida hivyo nao hukutana mara kwa mara wakasoma kazi zao kwa sauti mbele ya watu, na husemwa kuwa hilo ni jambo jipya. Mzee wa Kiambu wa mwaka 1928 angelicheka.

Turudi sasa kwenye faili letu. Wewe uliye mwanafunzi ukifikisha umri na kupata kibali cha kusomea katika jumba lile la Nairobi, utaweza kuliomba. Lakini nikutahadharishe. Mengi utakayoyasoma humo si Kikikuyu walichokisikia watu barazani, bali ni Kiingereza cha mfasiri aliyefanya kazi kwa ajili ya serikali. Pale msomaji wa Muigwithania alipotumia methali, wewe utakuta maelezo yake; pale alipocheza na maneno mpaka wasikilizaji wakacheka, wewe utakuta sentensi iliyonyooka isiyochekesha. Mfasiri alitafuta jambo moja, hatari kwa serikali, na macho yake yalikwenda pale alipodhani ipo. Tumeachiwa maneno kama alivyoyasikia mtu aliyekuwa na shaka nayo.

Na karatasi za Machakos yenyewe je? Yako masanduku ya bati chini ya vitanda vya kina babu katika vilima vya Kangundo, Mbooni na Iveti, yenye vyeti vya ubatizo, stakabadhi za kodi na barua za askari waliopigana Burma. Hakuna mkuu wa wilaya aliyeyapa namba. Kila kikongwe anapozikwa na nyumba kufagiliwa, sanduku lake hufunguliwa, na mtu mmoja wa nyumba hiyo, mara nyingi kijana aliyesoma kuliko wengine, huulizwa kama karatasi hizi zina kazi yoyote.