Istilahi za Kioo cha Kompyuta na Funzo la Usambara

Kazi ya kuteua istilahi za Kiswahili haikuanza na kompyuta. Katika milima ya Usambara, uliko mji wa Lushoto, alifanya kazi mmisionari wa Kijerumani, Karl Roehl, aliyetoa sarufi ya Kishambaa mwaka 1911. Baadaye alitafsiri kwa Kiswahili Agano Jipya (1930) na Biblia nzima (1937), akikusudia kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Hata hivyo, Biblia ya tafsiri ya Umoja, iliyotolewa mwaka 1952, ilibaki na mengi ya maneno hayo. Yalikwisha kuwa mali ya wasemaji. Hivyo asili ya neno si kipimo cha kutosha cha istilahi. Hatuna budi kuuliza pia kama msomaji ataielewa na kuitumia.

Swali hilo lilirudi mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, chini ya mradi wa Kilinux. Tuchukue mfano mmoja wa hitilafu inayowapata watumiaji wa Linux.

Programu, hasa ya mchezo, huweza kuomba nukta za kioo zipunguzwe, tuseme kutoka 1920 kwa 1080 hadi 800 kwa 600. Ikifungwa kwa utaratibu, hukiacha kioo kama ilivyokikuta. Ikifa ghafla, haipati nafasi ya kufanya hivyo. Katika mfumo wa madirisha wa X11, uliotolewa mwaka 1987, badiliko hilo ni la kioo chenyewe, wala halitoweki pamoja na programu iliyoliomba. Mtumiaji hubaki na herufi kubwa kupita kiasi. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya kioo na kuchagua kipimo cha awali, au kuandika amri xrandr -s 0, ambayo huchagua kipimo cha kwanza katika orodha.

Maelezo hayo mafupi yanadai istilahi tatu. Kwanza, neno la Kiingereza “resolution” lisitafsiriwe kuwa azimio. Azimio ni jambo lililokatwa na mkutano, kama Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwalimu wa Lushoto akiambiwa “rejesha azimio” hatajua la kufanya. Kinachohesabiwa hapa ni nukta. Kwa hiyo tunapendekeza msongo wa nukta. Pili, kukwama kutofautishwe na kufa ghafla: programu iliyokwama ingalipo na yaweza kungojwa, iliyokufa haipo tena. Tatu, isemwe kurejesha, si kutengeneza. Kioo hakikuharibika; anayeambiwa akitengeneze atakipeleka kwa fundi na kulipa fedha kwa kazi ambayo angeifanya mwenyewe kwa dakika moja.

Ni dhahiri basi kwamba mfasiri hana budi kukijua kitendo kabla ya kuliteua neno. Ni matumaini yetu kwamba walimu na watumishi wa serikali watayajaribu maneno haya kazini, kwani huko ndiko istilahi hukubaliwa au hukataliwa.