Mtazamo wa kina (michoro ya kompyuta)

Mtazamo wa kina ni njia ya kukokotoa majira ya nukta ili picha bapa ionekane kuwa na umbali ndani yake. Leon Battista Alberti wa Italia aliwaandikia wachoraji kanuni zake mwaka 1435. Kompyuta imeongeza kasi tu.

Msingi wake ni pembetatu zinazofanana. Jicho likiwa kwenye chanzo na kutazama kufuata mhimili wa z, na skrini ikiwa umbali d mbele yake, nukta (x, y, z) huangukia penye dx/z na dy/z kutoka kitovu cha skrini. Chukua skrini ya pikseli 640 kwa 480, yenye kitovu (320, 240), na d = 400. Nukta (100, 50, 500) huchorwa penye (400, 200); ikisogezwa mbali hadi z = 1000, huhamia (360, 220). Thamani ya y hutolewa, haijumlishwi, kwa kuwa skrini huhesabu mistari kutoka juu kwenda chini. Wanaoanza husahau hilo, wakapata nyumba zilizopinduka.

Nukta yenye z sifuri haina jibu, na iliyo nyuma ya jicho hutoa picha ya uongo. Zote huondolewa kabla ya kugawanya.

Kazi ngumu ni kubandika picha kwenye kuta na sakafu, kwani katikati ya mstari kwenye skrini si katikati yake halisi. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1994, haikusahihisha tofauti hiyo, ndiyo maana sakafu za michezo yake huonekana kupindapinda kamera inaposogea.