Fahamu Cooper Black, fonti nene ya Chicago iliyopita miaka 100 na bado inatamba

Nembo ya easyJet, shirika la ndege la nauli nafuu la Uingereza, ina herufi nene zilizovimba kama maandazi, hazina kona kali hata moja. Hiyo ndiyo Cooper Black, fonti iliyotoka mwaka 1922, wakati ndege za abiria zenyewe zilikuwa jambo geni.

Ilianzia wapi?

Aliyeichora ni Oswald Bruce Cooper, Mmarekani aliyezaliwa Ohio mwaka 1879. Alikwenda Chicago kusomea uchoraji, akafundishwa na Frederic Goudy, mchora herufi mashuhuri. Mwaka 1904 akafungua ofisi na mwenzake Fred Bertsch, kazi yake kubwa ikiwa kuchora maneno ya matangazo kwa mkono.

Kiwanda cha herufi cha Barnhart Brothers & Spindler kiliona kazi hiyo inalipa. Kikamtaka Cooper awachoree herufi za kuuza kwa wachapaji, na katika familia hiyo Cooper Black ndiyo iliyolipuka. Wachapaji wa kihafidhina waliiponda, lakini wenye matangazo waliigombania.

Kwa nini inaonekana rafiki?

Siri iko miguuni. Herufi nyingi husimama kwa mguu uliokatwa bapa. Herufi ya duara kama O ikipangwa nazo sawasawa, jicho huiona imepungua, ndiyo maana wachoraji huishusha kidogo chini ya mstari. Cooper yeye aliviringisha karibu kila ncha, kwa hiyo tofauti hiyo haisumbui sana, na herufi zinaweza kubanwa karibu karibu bila kugombana. Tundu la O nalo limelala nyuma kidogo, kama mtu aliyeegemea kiti akipiga stori.

Ilivyorudi kwa kishindo

Miaka ya 1960 na 1970 ikawa kila mahali, kuanzia fulana hadi mabango. Mwaka 1966 ilipamba jalada la albamu ya Pet Sounds ya kundi la The Beach Boys. Huko Uingereza, BBC iliitumia kwenye jina la kichekesho cha Dad's Army, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 1968. easyJet ilipoanzishwa mwaka 1995, ikaichukua na kuipaka rangi ya machungwa.

Pa kuwa makini

Unene huo una gharama. Ikipunguzwa sana, matundu ya "a" na "e" huziba, na kwenye skrini ya simu aya nzima hugeuka madoa meusi. Kazi yake ni jina na kichwa cha habari. Bei, namba ya simu na maelezo yahitaji fonti nyepesi.

Pia ina sauti yake. Kwenye duka la keki au nguo za watoto inakaribisha, ila tangazo la msiba likiandikwa kwayo litaonekana mzaha.

Kuna la mwisho pia: fonti hii huja na Microsoft Office, hivyo jirani naye anayo. Biashara inayoandika jina lake kwa Cooper Black bila kubadili chochote itapendeza, sawa, lakini mteja anaweza kukumbuka herufi na kusahau duka.